Kiendelezi cha bure: kuacha si kosa, kukabidhi ndiko kwenye shida

Kiendelezi ni kile kiprogramu kidogo unachokipachika kwenye kivinjari ili kizuie matangazo, kitafsiri kurasa au kilaze vichupo (tabs) usivyovitumia. Vingi ni vya bure, na nyuma ya vingi yuko mtu mmoja tu, anayekaa navyo usiku baada ya kazi inayomlipa. Siku moja mtu huyo anachoka. Aendelee au aache?

Nianze na sababu za kuacha, maana ndizo zinazodharauliwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi watumiaji tunadhani kiendelezi kikishakamilika kimekamilika, kama jembe. Kumbe kivinjari kinabadilika kila mara, na kiendelezi lazima kifuate. Kivinjari cha Firefox kilipotoa toleo la 57 Novemba 2017, kilikataa viendelezi vyote vya mfumo wa zamani. DownThemAll, kilichokuwa kikipakua mafaili mengi kwa mkupuo, kilibidi kiandikwe upya, na kiliporejea mwaka 2019 kilikuwa kimepungukiwa uwezo. Kisha ikaja zamu ya Chrome. Mwishoni mwa 2018 Google ilitangaza kanuni mpya ya kuunda viendelezi iitwayo Manifest V3, na kuanzia 2024 ikawa inavizima viendelezi vya kanuni ya awali kwa awamu.

Kazi hiyo yote hakuna mtumiaji aliyeiomba. Msanidi anakesha wiki nzima ili kiendelezi kifanye kilekile kilichokuwa kikifanya jana, kisha anaamka na kukuta nyota moja kutoka kwa mtu aliyeandika "hakifanyi kazi", bila kutaja ni kwenye ukurasa gani. Malipo nayo ni ya kubahatisha. Duka la Chrome liliwahi kuwa na mfumo wake wa kulipisha, lakini tangu Februari 2021 haupo. Anayetaka pesa ajitafutie njia nyingine.

Upande wa pili una uzito wake. Raymond Hill ameendelea na kizuia matangazo chake, uBlock Origin, kwa zaidi ya miaka 10, na hapokei hata senti ya mchango. Anayetaka kusaidia anaambiwa awasaidie wanaotunza orodha za matangazo ya kuzuiwa. Kwenye Chrome pekee kiendelezi hicho kiliwahi kupita watumiaji milioni 30. Na huku kwetu, mtu anayenunua bando la siku akikiweka kwenye Firefox ya simu ya Android, tangazo lisilopakuliwa ni MB zilizobaki mfukoni. Ukiacha kitu cha namna hiyo, kuna watu watakaoumia, na wengi wao hawatajua hata jina lako.

Lakini hata Hill aliwahi kuchoka. Aprili 2015 alimkabidhi mtu mwingine mradi wa uBlock, kwa kuwa burudani ilishageuka ajira ya kujibu malalamiko. Muda si mrefu akachukua msimbo wake, yaani maandishi yanayounda programu, akaendelea nao kivyake kwa jina la uBlock Origin. Ule alioukabidhi ulinunuliwa na AdBlock, kizuia matangazo kingine, mwaka 2018, na mwaka uliofuata ukaanza kuruhusu matangazo yaliyoitwa "yanayokubalika". Kizuia matangazo kinachopitisha matangazo!

Hapo ndipo naona mjadala wa aendelee au aache unakosea njia. Njia anayoishika mtu aliyechoka mara nyingi ni ya tatu: kumpa mwingine. Nayo ndiyo iliyoleta madhara makubwa kuliko zote.

The Great Suspender kilikuwa kinalaza vichupo ili kompyuta isielemewe, na kilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 2. Juni 2020 msanidi wake alitangaza kwamba amekiuza. Mnunuzi hakujulikana ni nani. Februari 2021 Google ilikizima kwenye vivinjari vya watu, ikieleza kwamba kina programu hasidi. Vichupo vilivyokuwa vimelazwa vikatoweka na kazi za watu. Waliojua ujanja walifungua historia ya kivinjari, wakatafuta anwani ndefu ya kiendelezi, wakainakili anwani halisi ya ukurasa iliyokuwa imening'inia mwishoni, moja baada ya nyingine. Kabla ya hapo, Oktoba 2020, kizuia matangazo Nano Adblocker nacho kilikuwa kimeuzwa, na watumiaji wakaona akaunti zao za Instagram zinapenda picha ambazo wao hawajazigusa. Wa Firefox walisalimika kwa sababu toleo lao lilikuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Kwa nini mnunuzi atoe pesa kwa kitu cha bure? Hanunui msimbo, maana mara nyingi uko wazi na anaweza kuuchukua bila kulipa. Ananunua watu. Kiendelezi hujisasisha chenyewe kimyakimya, na ruhusa uliyompa msanidi wa kwanza, ya kusoma kila ukurasa unaoufungua, inakwenda kwa mrithi wake bila wewe kuulizwa. Msanidi wa Hover Zoom+, kiendelezi cha kukuza picha, amekuwa akiziweka hadharani ofa anazotumiwa: huyu anataka apachike msimbo wa kukusanya takwimu, yule anataka kubadilisha injini ya kutafutia, mwingine anataka kununua kila kitu. Ukisoma kadhaa mfululizo unaona jinsi zilivyo na adabu. Kwa mtu aliyechoka, ambaye hajalipwa kwa miaka, barua ya namna hiyo inafika wakati mbaya kweli. Simlaumu anayeshawishika, ila simtetei anayeuza bila kuwaambia watumiaji.

Kuna na wanaokiacha tu dukani, hawakiui wala hawakitunzi. Inaonekana ni busara ya kutomsumbua mtu, lakini akaunti yenye watumiaji ni windo hata ikiwa imelala. Desemba 2024 mfanyakazi wa kampuni ya usalama, Cyberhaven, alinaswa na barua pepe iliyojifanya inatoka duka la Chrome, na toleo lenye sumu la kiendelezi cha kampuni hiyo likawafikia watumiaji siku ya Krismasi. Hiyo ni kampuni yenye watu wa kulinda. Sembuse mtu mmoja ambaye hajafungua barua pepe ya mradi tangu mwaka juzi?

Kipimo changu ni hiki: je, wewe mwenyewe bado unakitumia? Anayekitumia ataona kasoro kabla ya kuambiwa, na kukirekebisha hakutamuuma sana. Asiyekitumia anafanya kazi ya bure kwa ajili ya watu asiowajua, akilenga mahali asipopaona. Huyo afunge, na asijione msaliti. Ila kufunga nako kuna namna yake. Kukiondoa dukani hakukiondoi kwenye kompyuta za watu waliokwisha kukiweka; kinabaki humo bila sasisho. Kwa hiyo litoke sasisho la mwisho linalomwambia mtumiaji wazi, limpe muda wa kutoa data zake, na ikibidi kiendelezi kijiondoe chenyewe, jambo ambalo Chrome inaliruhusu.

Msimbo ubaki wazi kwa leseni huria, inayomruhusu yeyote kuutumia. Atakayeutaka auchukue, abadilishe jina, aanze na watumiaji sifuri. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa The Great Suspender: wajitolea walirudi kwenye toleo la 7.1.6, lililotangulia uuzaji, wakatengeneza The Marvellous Suspender. Hakuna aliyekikuta kwenye kivinjari chake asubuhi bila kukiweka mwenyewe.