Kitufe Kimoja Tu: Sawa

Sijapata kuona kiburi kama cha programu ya hifadhidata iliyo kwenye kompyuta ya mezani ofisini kwetu, ambako ninatunza kumbukumbu za wanachama wa chama cha kuweka na kukopa. Huanguka bila kuaga, kisha huleta kijisanduku kinachosema kwamba hitilafu isiyotarajiwa imetokea, na chini yake kitufe kimoja tu: Sawa. Hakuna kitufe cha "Si sawa", wala cha "Mama wa vitumbua amesimama dirishani tangu saa tatu akisubiri salio lake". Ianguke yenyewe, halafu mimi ndiye nikubali.

Juzi nilifanya yote yawezayo kufanywa na mtu mzima mwenye heshima zake. Nilizima nikawasha. Nilichomoa kipanya, ingawa hata sasa sijui kilikuwa na kosa gani. Nilifuta kijifaili cha kufuli, kile kinachoonyesha kwamba faili linatumika, kilichobaki siku umeme ulipokatika. Programu ikafunguka kwa dakika nne, nikatabasamu, ikaanguka meno yangu yakiwa bado nje.

Ikabidi aitwe fundi, kijana mdogo kabisa.

"Shikamoo, mzee. Faili lina ukubwa gani?"

Mimi faili nalipima kwa unene. Akabofya, akaguna: lilikuwa limekaribia gigabaiti 2, na hicho ndicho kikomo cha programu ya aina hiyo, hata kompyuta yenyewe uitie diski kubwa kama ghala la mahindi.

"Nani aliingiza picha za wanachama humu ndani?"

Hapo nikakumbuka kwamba nina simu ya kupiga. Ukweli ni kuwa niliagiza mwenyewe kila mwanachama apigwe picha inayoonyesha hata kovu la utotoni. Picha moja megabaiti 4, wanachama 480, hesabu fanya wewe. Niliporudi nikajitetea kwamba jana yake nilifuta picha mia nzima na faili halikupungua hata chembe. Akanieleza, kwa upole wa kuudhi, kwamba ukifuta kitu nafasi yake hubaki tupu ndani ya faili mpaka uiagize programu ilibane upya, mfano wa nyumba ya urithi ambayo ndugu wamehama wote lakini hakuna anayekubali ipangishwe.

Kwanza alinakili faili pembeni, hatua ambayo miaka yote mimi nimeifanya kwa nia tu. Kisha akazihamishia picha kwenye folda ya peke yake, ndani ya faili akaacha maelezo ya mahali zilipo, akalibana faili. Likashuka hadi megabaiti 38, na mama wa vitumbua akapata salio lake saa saba mchana, vitumbua vikiwa vimeshapoa.

Wakati wa kufunga mkoba, kijana akatoa fomu yake akaniuliza aandike nini penye chanzo cha tatizo.

"Andika hitilafu isiyotarajiwa," nikamwambia.

Alinitazama kidogo, akaitazama kompyuta, akainamisha kalamu.

"Sawa, mzee."