Tununue nembo au tununue nguo? Fomu siksi za gofu sokoni Mwanga

Jumamosi moja asubuhi pale sokoni Mwanga, hapa Kigoma, kijana muuza mitumba alinitundikia fulana mbili za kola, hizi tunazoziita fomu siksi, kwenye kamba moja. Ya kwanza ilikuwa ya buluu iliyokolea, kifuani ina tiki ya Nike. Elfu kumi na tano, hapunguzi hata mia. Ya pili ya kijivu, kifuani imedariziwa mnazi na jina la klabu ya gofu ya huko Florida, Marekani. Elfu tano, na ukimbembeleza sana anashuka.

Nilizigeuza zote mbili nje ndani. Ile ya tiki mshono wa ubavuni ulikuwa umeanza kuachia, na kola imejikunja kama sikio la mbuzi. Ile ya kijivu ilikuwa na utepe uliofunika mshono wa shingo kwa ndani, vifungo vyote vitatu vipo, na kwenye ukingo wa mkono wa kushoto kulikuwa na herufi mbili ndogo: FJ. Yaani FootJoy. Wacheza gofu wanaifahamu zaidi kwa viatu na glavu, na iko chini ya Acushnet, kampuni ya Marekani inayomiliki pia Titleist. Sokoni kwetu herufi hizo hazimwambii mtu kitu. Nikalipa elfu tano, nikaondoka na ya kijivu.

Nyumbani shemeji yangu akaitazama, akacheka. "Shemeji, hiyo si sare ya mlinzi wa hoteli?" Yeye ni mtu wa tiki toka kofia mpaka soksi. Kingine havai. Si mcheza gofu, na mimi pia si mcheza gofu. Viwanja ninavyovijua viko mbali nasi, Lugalo na Gymkhana kule Dar, Arusha, Moshi, Morogoro. Lakini nguo ya gofu imetufikia kabla ya mchezo wenyewe. Ndiyo tunayoivaa ofisini Ijumaa, kwenye kikao cha wazazi, kwenye harusi ya mchana. Kwa hiyo swali la kung'ang'ania kampuni moja au kufuata thamani ya pesa yako ni letu, hata kama fimbo ya gofu hatujawahi kuishika.

Hoja za shemeji zina uzito kuliko nilivyokubali siku ile. Kubwa ni saizi. Yeye huagiza kwa simu kutoka Dar, mzigo unakuja na basi, na hapo hakuna kujaribu. Anajua L ya kampuni yake inamkaa vipi mabegani na inaishia wapi kiunoni. Akihamia kampuni asiyoijua, L ya Mmarekani inaweza kuwa kanzu na L ya kutoka Asia ikambana kwapani. Nguo isiyokutosha haina bei nzuri hata ukipewa nusu bei, na kuirudisha Dar ni nauli juu ya nauli.

Hoja yake ya pili inahusu mtumba wenyewe. Robota likifunguliwa, zile nguo hazina historia. Hujui ilifuliwa mara ngapi, ilikaa juani miaka mingapi, nani aliitoa na kwa nini. Kwenye rundo kama hilo, jina la kampuni ndicho cheti pekee nguo iliyokuja nacho. Mtu mwenye haraka, asiyejua kusoma mishono, akishika tiki anabahatisha kwa akili. Na akiichoka anaiuza. Yangu ya mnazi sijui ningemuuzia nani.

Nikiendelea mbele ndipo ninapoachana naye. Anaamini jina linamwambia nani kaishona nguo, na mara nyingi haliwi hivyo. Chukua Callaway, jina kubwa kwenye fimbo za gofu. Nguo zake zinazouzwa Marekani hutengenezwa na kampuni ya mavazi ya Perry Ellis kwa leseni ya kutumia jina. Anayeipenda Callaway kwa sababu ya fimbo anahamishia mapenzi yake kwa kampuni nyingine kabisa bila kuambiwa. Sisemi nguo hizo ni mbaya, nimezishika na nyingine ni nzuri. Nasema uaminifu unalipiwa mlango mmoja, bidhaa inatokea mlango mwingine.

Halafu kampuni yenyewe haifungwi na uaminifu wako. Agosti 2016 Nike ilitangaza kuacha kutengeneza fimbo, mipira na mifuko ya gofu, ikabaki na viatu na nguo. Januari 2024 ikaachana na mcheza gofu Tiger Woods baada ya miaka 27, na mwezi uliofuata yeye akazindua nguo zake, Sun Day Red, akiwa na TaylorMade, kampuni ya vifaa vya gofu. Waliokusanya fulana zenye herufi zake TW wamebaki na nembo ya ndoa iliyovunjika. Biashara ni biashara, siwalaumu. Ila sielewi kwa nini mnunuzi wa Kigoma awe ndiye mwaminifu peke yake katika mkataba huo.

Kwangu mimi, hata hivyo, kesi hii haiamuliwi Marekani. Inaamuliwa na pasi ya mkaa na mawese.

Fomu siksi nyingi za gofu za siku hizi ni poliesta, mara nyingi na asilimia chache za uzi unaovutika. Poliesta iligunduliwa Uingereza mwaka 1941 na wanakemia Whinfield na Dickson, na sifa yake ni kwamba uzi wake haunywi maji. Jasho linasambaa juu ya kitambaa na kukauka upesi. Wakati wa masika, nguo za pamba zikiwa kambani siku ya pili bado baridi, fulana ya namna hiyo umeianika asubuhi na mchana unaivaa. Hilo ni jambo la maana, na kampuni kubwa zimelifanyia kazi kweli.

Sasa kaa nayo mezani. Uzi usiopenda maji unapenda mafuta. Tone moja la mchuzi wa migebuka uliopikwa kwa mawese likiangukia fulana ya pamba, sabuni ya mche na jua la siku mbili vinaweza kukuokoa. Likiangukia poliesta nyeupe, mafuta yanashika uzi, na kila ukifua unabaki na kivuli cha rangi ya chungwa kifuani. Mimi ninayo moja ya hivyo, jina lake kubwa tu, sasa ni ya kulimia. Harufu ya mwili nayo ni vivyo hivyo: mafuta ya ngozi yanabaki kwenye uzi, nguo inatoka kambani safi, ukiivaa ikipata joto inakukumbusha juzi.

Kisha pasi. Kwenye lebo ya ndani kuna kipicha cha pasi chenye vidoti. Kidoti kimoja ni joto la chini, viwili la kati, vitatu kali. Poliesta nyingi ziko kwenye kimoja au viwili. Pasi ya mkaa haina vidoti. Dobi anaipima kwa kidole chenye mate, na kwa shati la pamba kipimo hicho kinatosha. Akiiweka kwenye kola ya poliesta, inatoka inang'aa kama imepakwa mafuta, na mng'ao huo hauondoki. Jiki nayo inaua ule uzi unaovutika; fulana inalegea na kukaa kama gunia. Aliyeibuni fulana hiyo alimfikiria mtu anayeifua kwa mashine kwa maji baridi na hapigi pasi. Hakudanganya mtu. Hakutufikiria tu.

Pamba ya kizamani inavumilia maisha yetu zaidi. Mfaransa René Lacoste, mcheza tenisi, ndiye aliyevaa fulana ya pamba ya mikono mifupi yenye kola kwenye mashindano ya Marekani mwaka 1926, na mwaka 1933 akaanzisha kampuni yenye nembo ya mamba. Fulana ya namna hiyo inapauka, inaonyesha jasho kwapani, inachelewa kukauka, lakini inakubali pasi na inaachia mawese. Na kampuni ileile moja inaweza kukuuzia pamba na poliesta chini ya nembo moja. Anayechagua kwa nembo anapata yoyote kati ya hizo mbili. Anayesoma lebo anajua alichobeba. (Inaniuma kidogo kwamba pamba inalimwa Igunga, hapo Tabora tu, na sisi tunasubiri robota.)

Shemeji alinipigia hesabu, nami nikampigia. Ya kwangu ya elfu tano nikiivaa mara moja kwa wiki kwa miaka 2 ni kama mara 100, shilingi 50 kila ninapoivaa. Ya kwake mpya ya laki na ishirini, ili ifike shilingi 50, lazima aivae mara 2,400. Mara moja kwa wiki, hiyo ni miaka 46. Alicheka, kisha akanikamata: sehemu kubwa ya bei ya fulana yangu alishailipa Mmarekani, na sehemu ya uhai wake nayo aliitumia yeye. Ni kweli. Hesabu yangu inapendelea mtumba.

Alichoshindwa kunijibu ni habari ya feki. Mwaka juzi aliagiza fulana kwa elfu sabini kutoka duka moja la mtandaoni, jina naliacha. Mfuo wa tatu tiki ikabanduka, ikaacha kivuli chake kifuani. Wanaotengeneza feki wanafuata majina yanayopendwa. Hakuna aliyewahi kukaa chini aghushi mnazi wa klabu ya Florida.

Kwa hiyo nimegawa. Kitu ninachokishika kwa mikono yangu, nainua mshono, nasoma asilimia za uzi, nembo naiacha. Ninachoagiza kwa simu nitafuata njia ya shemeji, kampuni niliyowahi kuivaa na saizi ninayoijua. Na kama siku moja nitaalikwa Lugalo, klabu nyingi za gofu hutaka shati lenye kola, lichomekewe, bila jinzi. Kola yangu ya elfu tano itapita.

Ila hiyo bei sijui kama nitaipata tena. Siku ile nilimwonyesha yule kijana zile herufi mkononi, nikamweleza wanaouza kwenye maduka ya klabu huweka nembo ya klabu kifuani na kusukuma jina lao mkononi au nyuma ya shingo. Nilikuwa najisifu tu. Juzi nimepita, ametundika nyingine ya kijani, haina tiki wala mamba. Nikamuuliza bei. Akaukunja ukingo wa mkono, akanionyesha.

"Mzee, hii ni FJ. Elfu kumi na mbili."