Masanduku matatu, kila moja na daka lake

Ramadhani iliyopita mgeni mmoja alinipigia simu kuulizia chumba Shela, kijiji cha hapa Lamu. Nikafungua laptopu, nikamwandikia bei. Barua pepe ikaenda kwa jina la kamati ya madrasa, na chini yake saini ya mweka hazina pamoja na ombi la mchango wa mikeka. Hajanitafuta tena mpaka leo.

Natumia Thunderbird, programu ya barua pepe, juu ya mfumo wa Linux Mint, na ndani yake nina akaunti tatu: ya nyumba ya wageni, ya madrasa na yangu mwenyewe. Kosa langu lilikuwa ile tamaa ya kuona barua zote mahali pamoja. Programu ina mpangilio wa makasha ya pamoja, unachanganya masanduku yote kuwa moja. Watu wanausifu. Mimi nimeuacha. Ukijibu barua, jibu hutoka kwenye anwani iliyoipokea, hapo hakuna shida. Barua mpya ndiyo yenye hatari: nilikuwa kwenye kasha la pamoja, ikashika akaunti ya msingi (ile ambayo programu huitumia usipochagua nyingine), yaani ya madrasa, nami sikutazama sehemu ya “Kutoka”.

Nyumba zetu za Lamu zina daka, kibaraza cha mlangoni. Mgeni hukaribishwa pale kwanza, haingii moja kwa moja hadi ndani. Sasa kila akaunti nimeipa daka lake: kasha lake, saini yake na seva yake ya kutuma barua. Ninataka kumwandikia mgeni? Nabofya kwanza kasha la wageni.

Zote tatu ziko kwenye IMAP (bandari ya mtandao 993), njia inayoziacha barua kwenye seva, kwa hiyo simu na laptopu zinaona barua zilezile. Nimeruhusu pia nakala zikae kwenye diski, maana mtandao ukikatika nikiwa kwenye boti ya Mokowe, upande wa bara, bado nasoma. (Kuandika ndani ya boti ni jambo jingine, maji ya chumvi hayana urafiki na kibodi.) Na ukiona akaunti ya Gmail inakataa neno la siri lililo sahihi, usiifute. Tangu 2022 Google haipokei tena neno la siri la kawaida kutoka programu kama hizi. Badilisha njia ya uthibitisho iwe OAuth2, yaani unaingia kupitia ukurasa wa Google wenyewe.

Kasha la madrasa nimelipaka rangi nyekundu. Na akaunti ya msingi sasa ni yangu mwenyewe, nikikosea tena aibu iwe yangu peke yangu.