Damu haichanui

Juzi nimefunga riwaya ya vita nikiwa ukurasa wa 11. Kijana kapigwa risasi ya kifua, na mwandishi, badala ya kumtazama, akaanza kutuchumia maua: damu ikachanua kama waridi. Waridi! Mtoto wa watu anakata roho, wewe umeshika mkasi wa bustani.

Eti hiyo ndiyo taswira hai. Hiyo ni pazia.

Kwenye Half of a Yellow Sun ya Chimamanda Ngozi Adichie, Olanna yumo ndani ya treni ya watu wanaokimbia mauaji, na mama mmoja anafunua buyu alilopakata. Ndani mna kichwa cha binti yake. Mama haombolezi. Anazungumzia nywele: zilivyokuwa nyingi, na zilivyomchukua muda kuzisuka. Basi. Niliweka kitabu kifudifudi kitandani, nikatoka nje, nikasimama tu. Kichwa pengine ningekisahau, maana filamu zimeshatuzoesha vichwa. Zile nywele ndizo zilizonishinda. Mtu alikaa, akambana mtoto magotini, akamgawa nywele kwa chanuo, mtoto akalalamika anavutwa, akaambiwa atulie. Saa nzima ya mapenzi imo ndani ya lile buyu, na hakuna ua hata moja.

Na msiniletee ile ya "alikuwepo au hakuwepo", eti vita huandikwa vizuri na aliyeviona tu. Adichie kazaliwa 1977, vita vya Biafra kule Nigeria, anavyovisimulia, viliisha 1970. Stephen Crane, Mmarekani aliyeandika The Red Badge of Courage, kazaliwa 1871, miaka sita baada ya kuisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani alivyoviandika. Haya, nakubali, kuwepo kunasaidia: Remarque, Mjerumani aliyeandika All Quiet on the Western Front, alijeruhiwa vitani mwaka 1917, na zile buti za Kemmerich, askari wa kwenye riwaya hiyo, zinazomezewa mate na mwenzake wakati mwenyewe hana tena mguu wa kuzivalia, sidhani zilitoka hewani. Na Crane alipenda tashbihi kama mlevi anavyopenda chupa, ila zake nyingine zinakaa. Sawa.

Lakini nilipofiwa na kaka yangu nilielezwa mengi kuhusu mishumaa iliyozimika na nyota zilizoanguka. Sikumbuki hata neno moja. Nakumbuka simu yake, ilikuwa bado kwenye chaji, imejaa asilimia 100.

Riwaya nimemrudishia aliyeniazima. Akauliza nimeionaje. Nikamwambia jalada zuri.