Upepo wa Mei Doha na Upepo wa Mei Mombasa

Sisi watu wa Mombasa tunaokwenda Ghuba kutafuta riziki huambiwa siku ya kuagana kwamba joto la huko halitatushinda, kwa kuwa tumezaliwa nalo. Maneno hayo husemwa kwa nia njema, nasi huyaamini mpaka mwezi wa Mei utufikie. Mimi naishi Doha, kazi yangu ni ulinzi wa lango, na sehemu kubwa ya zamu yangu huwa nje. Baada ya kuishi pande zote mbili, maoni yangu ni kwamba kinacholitenga jangwa na pwani yetu si wingi wa nyuzi za joto peke yake, bali ni tabia ya upepo. Na kwa kuwa upepo wetu ni mwema, tumeuachia kazi ambayo ilipasa kufanywa na sheria na waajiri.

Mwezi wa Mei Mombasa kusi imekwisha kushika, masika imepamba moto, na joto linaanza kushuka kuelekea Julai na Agosti, miezi ambayo wazee wetu hujifunika shuka alfajiri. Doha mambo huenda kinyume kabisa. Wastani wa joto la mchana, ambao mwezi wa Aprili huwa kama nyuzi 33, hupanda hadi karibu nyuzi 39 mwezi wa Mei, na Juni huvuka 40. Mvua inayonyesha Doha mwaka mzima haifiki milimita 100, wakati Mombasa hupata zaidi ya milimita 1,000. Kwa hiyo mwezi ule ule ambao mama yangu analalamika kwamba nguo hazikauki kambani, mimi nafua shati na kulivaa kabla ya saa moja kupita.

Asubuhi za Mei jangwani huwa shwari, na mgeni anaweza kudhani kwamba siku itakuwa ya kawaida. Jua likipanda, ardhi tupu isiyo na mti wala unyevu hushika moto upesi, hewa iliyo karibu nayo hupanda juu, na hewa ya juu iliyo na kasi zaidi hushushwa chini mahali pake. Ndipo kuanzia saa nne au saa tano upepo huanza kupiga kwa dharuba, unatulia kidogo, kisha unarudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Juu ya hayo kuna shamali, upepo mkubwa wa kutoka kaskazini-magharibi, ambao huzidi mwishoni mwa Mei na mwezi wa Juni kwa sababu joto la Iran na Pakistan hupunguza kanieneo ya hewa upande huo, na hewa ya kaskazini mwa Bara Arabu huvutwa kuelekea huko kwa kupitia Ghuba. Upepo huo hubeba vumbi la nyanda kavu za mito Tigris na Euphrates. Mei 2022 vumbi la namna hiyo liliwapeleka maelfu ya watu hospitalini nchini Iraq kwa matatizo ya kupumua, na uwanja wa ndege wa Kuwait ulilazimika kusimamisha safari kwa muda.

Jambo ambalo wa nyumbani hawalioni kwa urahisi ni hili: ngozi ya binadamu huwa na joto la takriban nyuzi 35. Hewa ikiwa chini ya hapo, upepo unapopita huondoa joto mwilini. Ikiwa juu ya hapo, upepo huo huo hulileta. Kusimama langoni saa nane mchana, shamali ikivuma, ni sawa na kusimama mbele ya mdomo wa tanuri la mikate ya mofa. Jasho hukauka kabla hujaliona, hivyo mtu hudhani hatoki jasho, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu maji yanamtoka bila yeye kujua. Jioni ninapovua shati huona mstari mweupe wa chumvi kwenye kola na mwingine mgongoni ulipopita ukanda wa begi. Nimezoea kunywa maji kwa saa, si kwa kiu, na mgeni yeyote anayepangiwa zamu nami humwambia afanye hivyo tangu siku ya kwanza.

Mama yangu akisikia mvumo wa upepo huo kwenye simu hufurahi. “Alhamdulillahi, mwanangu, leo mmepata upepo,” huniambia, nami humwitikia, “Alhamdulillahi, mama,” kwa kuwa najua analomaanisha. Kwake upepo ni rehema, na kwa pwani yetu maneno yake ni ya kweli. Hewa ya Mombasa imejaa unyevu, jasho halikauki lenyewe, na ni upepo unaotoka baharini unaotuokoa.

Lakini hebu tuangalie siku ambazo rehema hiyo haipo. Kati ya Februari na Aprili, kaskazi inapoishiwa nguvu na kusi haijaingia, Mombasa hukaa siku kadhaa bila jani kutikisika, joto likiwa nyuzi 32 au 33. Katika siku hizo hamali wa mkokoteni hupandisha magunia ya viazi kutoka soko la Kongowea, fundi wa ujenzi Nyali hukoroga zege saa saba mchana, na kuli hubeba mizigo juu ya lami inayolainika. Hakuna saa iliyowekwa ya kuwatoa juani. Kila mmoja hupumzika akipata nafasi, na asipoipata huendelea, kwa sababu analipwa kwa mzigo au kwa siku.

Qatar hawakuweza kuutegemea upepo, na baada ya miaka ya malalamiko kuhusu vifo vya wafanyakazi wahamiaji, nchi ikijiandaa kwa Kombe la Dunia la 2022, iliwabidi waandike sheria. Tangu mwaka 2021, kazi za juani zimekatazwa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, kutoka tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba. Sheria hiyo haijakamilika, nami nasema hivyo nikiwa ndani yake: mwishoni mwa Mei joto limekwisha kufika na kalenda bado haijaruhusu kupumzika. Kuna kifungu cha pili kinachoziba pengo hilo, kinachotaka kazi isimame wakati wowote kipimo cha joto kinachojumlisha unyevu, upepo na miale ya jua kinapovuka nyuzi 32.1, ila kipimo hicho kinahitaji chombo, na chombo kinahitaji msimamizi aliye tayari kukisoma kwa haki.

Kifungu hicho cha pili ndicho ninachotaka watu wa Mombasa wakifikirie kwa makini. Kwa kuwa unyevu umepewa uzito mkubwa katika hesabu yake, mchana wa Machi usio na upepo pale Kongowea, wenye nyuzi 33 na hewa nzito, unaweza kuvuka mpaka huo wakati mchana mkavu wa Mei Doha wenye nyuzi 40 haujaufikia. Kwa hiyo hamali wetu anaweza kuwa katika hatari kubwa kuliko mjenzi wa Doha, na yule wa Doha ndiye mwenye sheria inayomlinda. Jambo hilo linaniuma, kwa sababu nyumbani tumezoea kulisema joto letu kwa upole, kana kwamba ni ndugu.

Sisemi kwamba hatukuwa na maarifa. Mji wa Kale ulijengwa na watu walioheshimu jua: kuta nene za mawe ya matumbawe, vichochoro vyembamba ambamo kivuli hubaki karibu kutwa, baraza mbele ya nyumba. Tulichojenga baadaye, hasa vibanda vya mabati vya masokoni, hakina hata kimoja cha hayo, na miti inayokatwa kando ya barabara hairudishwi.

Ninaloliomba ni dogo, na linaweza kuanza kabla ya kaskazi ijayo kuisha. Serikali ya kaunti iweke vipimo vya joto la aina hiyo Kongowea, Marikiti na Mwembe Tayari, mahali watu wote wanapoviona. Kipimo kikivuka mpaka, kazi za juani zisimame, na mfanyakazi wa kutwa asikatwe ujira kwa saa hizo. Pawe na kivuli na maji ya kunywa yasiyolipiwa mahali mikokoteni inapopangwa foleni. Na mawakala wanaowasafirisha vijana wetu Ghuba wawaeleze mapema, kabla hawajatia saini mkataba, watafika mwezi gani na upepo wa mwezi huo ukoje.