Rasputin wa Harry Baur: Ukweli wa Familia, Upungufu wa Historia

Filamu ya Kifaransa La Tragédie impériale, iliyoongozwa na Marcel L'Herbier mwaka 1938, inamhusu Grigori Rasputin, mkulima wa Siberia ambaye sifa zake za maombi na uponyaji zilimfungulia milango ya kasri la Tsar Nikolai II wa Urusi. Je, ni haki kuusimulia mwisho wa dola kwa kumfuata mtu mmoja aliyeaminiwa na wafalme?

Wanaoitetea wana hoja nzito, na kubwa kuliko zote ni Harry Baur mwenyewe, mwigizaji wa Rasputin. Rasputin wake si shetani wa hadithi, bali ni mtu wa nyama na damu, mwenye tamaa na huruma kwa pamoja, kiasi kwamba mtazamaji anaelewa kwa nini Malkia Alexandra, mke wa Tsar, alimwamini. Mwanawe Alexei, aliyezaliwa mwaka 1904, alikuwa na hemofilia, ugonjwa unaozuia damu kuganda, na madaktari wa enzi hizo hawakuwa na tiba. Mfa maji hukamata maji. Mama huyo alimshika yeyote aliyeonekana kumtuliza mtoto. Kwa kuwa ugonjwa wa mrithi ulifanywa siri, raia waliona tu mkulima akiingia kasrini na kutoka, nao uvumi ukajaza pengo. Naamini hakuna kitabu cha takwimu kinachoweza kuufikisha uchungu wa nyumba ile kama mwigizaji hodari anavyoufikisha.

Hata hivyo, tarehe zinaipinga picha hiyo pale inapobebeshwa mzigo wa dola nzima. Askari waliwapiga risasi waandamanaji mjini St. Petersburg Januari 1905, ilhali Rasputin alikutana na Tsar kwa mara ya kwanza Novemba mwaka huohuo. Kiu ya ardhi miongoni mwa wakulima, kushindwa vitani na Japani, na ukaidi wa Tsar katika kugawana madaraka, yote yalimtangulia Rasputin. Ushawishi wake katika uteuzi wa mawaziri ulikuwepo kweli, lakini ulikua hasa kuanzia mwaka 1915, Nikolai alipokwenda kuongoza jeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia na kumwachia mkewe nafasi kubwa katika mambo ya mji mkuu. Waliomuua Rasputin Desemba 1916 walidhani wanauokoa ufalme, nao ukaanguka Machi 1917, kwa sababu mikate ilikuwa haipatikani na askari walikataa kuwafyatulia risasi raia wenzao.

Kwa maoni yangu, filamu hii iaminiwe inapoizungumzia familia na itiliwe shaka inapoizungumzia Urusi. Na anayetaka kumtwika Rasputin lawama zote akumbuke kwamba mwaka 1914, akiwa bado anauguza jeraha la kisu, alimwonya Tsar asiingie vitani. Ushauri huo, ambao ungeweza kuwanusuru watu wengi, haukusikilizwa.