Kabla ya kuwacheka Afrika Kusini na analojia yao

Machi 27, 2025, zikiwa zimebaki siku nne tu, Mahakama Kuu ya Pretoria iliizuia serikali ya Afrika Kusini isizime matangazo ya televisheni ya analojia, ule mfumo wa zamani wa kabla ya dijitali. Kesi ililetwa na e.tv, kituo kinachotazamwa bure, na mashirika ya kiraia yakasimama upande wake. Huku kwetu Tanzania habari hiyo ilipokewa kwa kicheko. Nchi yenye viwanda, yenye reli ya umeme, bado inahangaika na chenga! Sisi tulimalizana na hayo zamani. Dar es Salaam ilizimwa usiku wa kuamkia mwaka 2013, zikafuata Dodoma na Tanga mwezi uliofuata, kisha Mwanza, kisha Arusha na Moshi, kisha Mbeya. Kabla ya Mei awamu ya kwanza kwisha habari.

Nami nilicheka. Halafu nikalikumbuka paa la mjomba wangu kule Tanga.

Mjomba alikuwa na TV ya chogo, inchi 14, na antena ya fito ndefu iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli juu ya mwanzi. Kuitega antena ile ilikuwa kazi ya watu watatu: mmoja juu anazungusha mwanzi, mmoja dirishani anapokea maneno, mmoja ndani macho kwenye kioo. "Bado! Rudisha kidogo. Kidogo! Hapo hapo, usiguse!" Chenga zenyewe ndizo zilizokuwa zikituongoza. Zikipungua ujue unaelekea kuzuri, zikizidi unarudi ulikotoka. Hata siku mbaya, picha yenye mvua ya chenga iliweza kukuonyesha mpira uko upande gani wa uwanja.

Siku alipoleta king'amuzi, muuzaji alikuwa amemwambia maneno mawili: "Chomeka tu." Akachomeka wapi? TV yake ilikuwa na tundu moja la waya wa antena, haina yale matundu matatu ya nyekundu, nyeupe na njano. Fundi akamtafutia kifaa cha kati cha kugeuza mawimbi, kwa bei yake. Kioo kikawaka, kikaandika kwamba hakuna mawimbi. Tukapanda juu kwa desturi yetu ya siku zote na kuanza kuzungusha, ila sasa aliye ndani hakuwa na la kutuambia. Dijitali haina chenga. Ama picha ipo safi kama kioo, ama haipo kabisa, na katikati ya hayo mawili utaona sura ya mtangazaji imeganda mdomo wazi huku sauti ikikatika vipande vipande. Ilibidi inunuliwe antena nyingine ya fito fupi, ya masafa ya juu ya UHF ambako dijitali ilikuwa imehamia, pamoja na waya mpya, maana ule wa zamani ulikuwa umeungwaungwa kwa nailoni. Jioni ile ulipoangalia, king'amuzi kilikuwa sehemu tu ya gharama. Sehemu hiyo peke yake ndiyo iliyokuwa imetangazwa.

Nisieleweke vibaya. Kuhama kulikuwa hakuna budi. Mkataba wa Geneva wa 2006 uliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kuyalinda matangazo ya analojia ya UHF dhidi ya kuingiliwa na mawimbi ya nchi jirani, na nchi yenye majirani wengi kama yetu haikuweza kujifanya haikuusikia. Nafasi ya hewani ambayo analojia inaitumia kurusha kituo kimoja, dijitali inaingiza zaidi ya kumi, na masafa yanayookolewa yanakwenda kwenye intaneti ya simu ambayo leo inatumika hadi shambani. Kuendesha mitambo miwili kwa pamoja ni kulipia umeme na matengenezo mara mbili. TCRA, wadhibiti wetu wa mawasiliano, walikwenda kanda kwa kanda badala ya kuzima nchi nzima kwa usiku mmoja, na hilo ni la kupongezwa. Na anayedhani kusubiri ni salama daima aitazame Kenya: mvutano wa vituo vikubwa, wadhibiti na mahakama ulifika mpaka Citizen, NTV, KTN na QTV vikatoweka hewani tangu katikati ya Februari 2015 hadi mapema Machi. Mwenye king'amuzi na asiye nacho wote walikaa gizani.

Ninachogombana nacho ni namna tulivyozoea kumtazama aliyechelewa. "Analojia" imekuwa tusi. Ukimwita mtu analojia unamaanisha mzito wa kuelewa, mshamba, mtu wa jana. Kumbe wengi waliochelewa walikuwa wanapiga hesabu, tena hesabu iliyo sahihi kuliko ya matangazo ya redioni.

Hesabu yenyewe ndiyo hii. Enzi za analojia, ukishakuwa na TV umemaliza. Mtangazaji alirusha, wewe ukadaka. Ukipata TV ya pili, labda ya mwanao aliyehamia kwenye kioo bapa akakuachia chogo lake, unaiweka chumbani, unagawa waya, unatazama. Dijitali ilibadilisha kitu cha kuhesabia. King'amuzi ni cha kila kioo, si cha kila nyumba. Nyumba yenye TV mbili inahitaji viwili, la sivyo chumbani mtatazama kile kile kinachotazamwa sebuleni, na mwenye rimoti ndiye serikali. Saluni yenye TV moja ukutani, moja. Gesti yenye vyumba kumi, kumi. Mamantilie aliyewasha TV ili wateja wa jioni wakae kidogo, naye kimoja. Hakuna tangazo lililomwambia hivyo mamantilie. Aliambiwa tu kwamba picha itakuwa nzuri zaidi.

Wamarekani hili waliliona. Walipojiandaa kuzima, serikali yao ilitoa vocha za dola 40 kwa kila nyumba iliyoomba, na vocha zilikuwa mbili, si moja. Kuna mtu alikaa akafikiria chumba cha kulala. Walijaribu kwanza mji mmoja, Wilmington wa North Carolina, Septemba 2008, ili waone watu watakwama wapi. Fedha za vocha zilipofikia ukomo mapema 2009 na foleni ikawa ndefu, Bunge lao lilisogeza tarehe kutoka Februari 17 hadi Juni 12. Sikumbuki mtu kuwaita analojia. Waingereza nao walitenga fedha za kuwasaidia wazee wa miaka 75 na zaidi na watu wenye ulemavu, pamoja na kuwafungia vifaa nyumbani. Utasema hao ni matajiri. Sawa, lakini ndipo hoja ilipo: matajiri waliona nyumba zao hazimudu peke yake, sisi tukaona zetu zinamudu.

Hawakuwa watazamaji peke yao waliolia. Wamiliki wa vyombo vya habari, kupitia umoja wao wa MOAT, walilalamika mapema 2013 kwamba watazamaji na matangazo ya biashara vimewakimbia, wakaomba analojia irudishwe iende sambamba na dijitali kwa muda. Ombi lao halikukubaliwa. Mfanyabiashara mkubwa akisema watu hawapo, huwa ana hesabu zake mkononi.

Kisha kuna lile neno "bure". Tuliahidiwa kwamba chaneli za ndani kama TBC1, ITV, Channel Ten, Star TV na EATV zitabaki bure hata kifurushi kikiisha. Kwenye karatasi ni kweli, na sheria ilisema hivyo. Ila Agosti 2018 wasambazaji wa setilaiti waliokuwa wakizibeba chaneli hizo waliamriwa waziondoe, kwa kuwa leseni zao zilikuwa za matangazo ya kulipia. Kisheria huenda walistahili. Sebuleni matokeo yake yalikuwa haya: aliyenunua dishi akidhani amemaliza alirudi dukani kutafuta king'amuzi cha antena ili aone taarifa ya habari. Meza moja, ving'amuzi viwili, rimoti tatu, na bibi wa nyumba hajui hata moja inawasha nini.

Sasa turudi Afrika Kusini. Mpango wao ulikuwa kwamba kila kaya yenye kipato kisichozidi randi 3,500 kwa mwezi ijiandikishe posta, ipewe king'amuzi bila kulipa, na fundi aje kufunga. Tarehe yao ya kwanza ya kuzima ilikuwa Novemba 2011, kabla yetu. Wakabishana kuhusu mfumo upi watumie, wakabishana miaka kadhaa kama ving'amuzi viwekewe kufuli la siri la kompyuta au la, ugomvi ulioishia Mahakama ya Katiba 2017. Mawaziri walikuja na kuondoka. Ving'amuzi vilivyokwisha kununuliwa vilikaa maghalani vikizeeka. Hayo hayatetewi. Aliyejiandikisha akasubiri miaka bila kufungiwa kitu hawezi kuambiwa kwamba alihurumiwa. Masafa nayo yalikaa muda mrefu bila kazi: waliyauza kwa mnada Machi 2022, na vituo vya analojia vilivyokuwa juu ya megahezi 694 viliondolewa Julai 2023 tu.

Lakini tazama kilichoamuliwa. Juni 2022 Mahakama ya Katiba ilibatilisha tarehe ya Juni 30 kwa sababu waziri aliipanga bila kuwapa wahusika nafasi ya kutosha ya kusikilizwa. Mahakama haikusema dijitali ni mbaya. Ilisema huwezi kumzimia mtu TV kabla hujamuuliza yuko tayari vipi. Na tangu Julai 2023 ile hoja kuu, kwamba analojia inaziba njia ya intaneti ya simu, imepungua uzito sana, maana masafa ya juu yameshaachwa huru. Kinachobaki ni gharama ya kuendesha mitambo ya zamani, ambayo si ndogo, na upande wa pili nyumba ambazo zikizimiwa hazina pa kwenda. Kwenye mizani hiyo, mimi nasimama na jaji wa Pretoria. Tarehe ifuate ving'amuzi, si ving'amuzi vikimbizane na tarehe. Laiti Tanga wangepewa hata miezi sita ya mitambo yote miwili, na fundi mmoja wa kata aliyefundishwa habari ya antena, nadhani nusu ya matusi ya "analojia" yasingetamkwa.

Mjomba alikitumia kile king'amuzi miaka mitatu, kikafa kwa umeme kurudi ghafla. Juzi nilimpelekea fundi mmoja Mbagala redio yangu, nikaona nyuma yake rafu imejaa ving'amuzi vya zamani vilivyofunguliwa matumbo. Nikamuuliza kama vinatengenezeka. "Vichache," akasema, akichomoa waya mwekundu kwenye kimojawapo. "Vingi nachukua pawasaplai. Zinafaa kwenye taa."